Usibahatishe na Kifua: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Handeni na Korogwe

Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna seli za ulinzi zinazokaa zamu usiku na mchana. Kazi yake ni kumeza kila kinachoingia na pumzi: vijidudu, vumbi, masizi. Zikiwa na nguvu, mtu huvuta kijidudu cha nimonia na asiugue. Zikilemewa, kijidudu hichohicho kinaua. Na sisi tunazilemea kwa mikono yetu wenyewe, kisha tunachelewa kufika zahanati. Soma, ufanye.

MTOTO ANAYEKOHOA: FANYA

Hesabu pumzi. Mpakate mtoto akiwa ametulia, si akilia wala akinyonya. Pandisha shati lake. Tazama tumbo: kila linapopanda na kushuka ni pumzi moja. Tega saa ya simu dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifika 40, mpeleke akapimwe leo.

Tazama na mbavu. Zikididimia kwa chini kila anapovuta hewa, usingoje kukuche. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke. Najua ukiwa Kwamsisi bodaboda ya usiku ni ghali. Kopa.

Maliza dawa. Ukipewa amoksilini ya kuyeyusha, mpe hadi siku ya mwisho uliyoandikiwa. Siku ya pili mtoto anaanza kucheza, mama anaficha vidonge vilivyobaki awawekee wadogo zake. Mtoto hajapona huyo, amepata nafuu tu.

Mchanje kwa tarehe. Chanjo ya nimonia ipo nchini tangu 2013: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua miezi 9, tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo mnayoipuuza. Surua hufuta kumbukumbu ambayo mwili ulijiwekea juu ya magonjwa mengine, kisha nimonia inaingia mlango ukiwa wazi.

MTOTO ANAYEKOHOA: USIFANYE

Usimkate kimeo. Hili sitalizungusha. Kimeo hakileti kikohozi. Kinachomkohoza mtoto kiko chini, kwenye njia ya hewa na mapafu, na wembe wa mkata vimeo haufiki huko. Unachomletea ni damu, usaha na pepopunda. Nimempokea mtoto aliyekatwa asubuhi "kwa ajili ya kikohozi". Jioni alikuwa anameza damu yake mwenyewe, na nimonia haijaguswa. Bibi aliyempeleka alikuwa anampenda mjukuu wake kuliko kitu chochote. Mapenzi hayakumsaidia.

Usiite kila homa malaria. Korogwe inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria, na chanjo ya RTS,S ilijaribiwa hapa. Lakini mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kati ya waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu hawakufika nusu. Wasiokuwa na vimelea walikufa zaidi. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usimbembeleze tabibu akupe dawa ya malaria. Mwulize: "Na kifua umekipima?"

Usitibu pumzi ya haraka kwa dawa ya kikohozi ya chupa. Inatuliza koo. Haiui kijidudu.

MOSHI: FANYA

Toa jiko nje, au pikia kwenye banda lililo wazi juu. Mtoto asikae mgongoni wakati unapuliza kuni. Mwaka 2009 Duncan Fullerton na wenzake walichapisha walichokiona walipotoa seli hizo za ulinzi mapafuni mwa watu wazima wa Malawi na kuziweka chini ya darubini: ndani yake mlikuwa na chembe za masizi, na wapikao kwa kuni walibeba mzigo mzito zaidi. Seli iliyojaa masizi ndiyo hiyohiyo unayoitegemea imeze vijidudu.

MOSHI: USIFANYE

Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata baridi ya Vugiri ikikuuma vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu. Watu hulala wasiamke.

Usidhani jiko banifu peke yake linamlinda mtoto. Huko huko Malawi familia za watoto 10,750 zilishiriki jaribio la majiko hayo, matokeo yakatoka 2017: nimonia haikupungua. Moshi una njia nyingi, ukiwamo wa takataka unazochoma uani na wa sigara ya baba. Jiko chukua, linapunguza kuni na majeraha ya moto. Chanjo usiiache.

VUMBI: FANYA

Lowesha jiwe kabla ya kuchoronga, kuponda au kulisha karasha, mashine ya kusaga mawe. Nawaambia wachimbaji wa Magambazi na machimbo mengine ya Handeni: jiwe jeupe lenye dhahabu limejaa madini yaitwayo silika. Chembe zake zikimezwa na seli za ulinzi, zinaziua. Pafu linafanya makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi, hauna dawa, na humwongezea mtu hatari ya kifua kikuu mara kadhaa.

Kwa wa mkonge: daini barakoa halisi na madirisha yanayofunguka. Akwilina Kayumba na wenzake walipima wafanyakazi wa mkonge nchini, wakachapisha 2007 na 2008: wa korona (mashine inayochambua majani ya mkonge) na wa brashi (mashine inayosugua nyuzi) walikohoa na kubanwa kifua kuliko wenzao waliokaa mbali na vumbi.

VUMBI: USIFANYE

Usifunge kanga puani ukajiona umejikinga. Vumbi unaloliona hunasa. Lile laini linaloua linapita.

Usimlaze mtoto kivulini karibu na karasha. Kivuli hakizuii vumbi.

KIKOHOZI CHA WIKI MBILI: USIFANYE

Kikohozi cha wiki mbili huenda ni kifua kikuu. Ukianzishiwa dawa zake, usiziache mwezi wa pili kwa sababu umenenepa. Miezi 6 ni miezi 6. Nchi hii, kuanzia 1977, pamoja na daktari Karel Styblo, ndiyo iliyouonyesha ulimwengu kwamba dozi ikisimamiwa hadi mwisho watu wanapona hata penye umaskini. Halafu wewe unaitupa kichakani.

Usikwepe kipimo cha VVU. Kondwani Jambo na wenzake huko Blantyre walionyesha mwaka 2014 kwamba virusi hivyo hujificha ndani ya seli zilezile za mapafu na kuzidhoofisha. ARV zipo.

KIKOHOZI CHA WIKI MBILI: FANYA

Peleka makohozi. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Toa kohozi la kutoka kifuani, si mate, tena la asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Taja kazi yako kabla hujaulizwa: "Nimechimba miaka mingi," "Niko brashi." Tabibu asiyejua unavuta nini kila siku atakuandikia dawa ya mafua.

Ukikutwa na kifua kikuu, siku hiyohiyo leta kila unayelala naye nyumba moja. Wenye umri chini ya miaka 5 waje hata kama hawakohoi, wapimwe, na wasio wagonjwa waanzishiwe dawa ya kinga.