MGENI ASIYEPEWA SIKU MBILI
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo nataka kuwazungumzia mgeni ambaye hapewi hata dakika mbili. Anaingia tu mlangoni, jembe hili hapa! Mgeni huyo ni mtoto mchanga.

Mada hii nimeiteua kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka wapo wenzetu wanaotoka katika shule za upili na kujiunga na vyuo vya uuguzi. Huko watalisoma somo hili kwa Kiingereza kitupu, ilhali mama mzazi aliye kitandani watamweleza kwa Kiswahili. Ni vyema waanze kulielewa mapema. Pili, hata asiyekuwa muuguzi atakuwa mama, baba, shangazi au mjomba wa mtu. Nina shangazi ambaye ni mkunga, na mengi ya haya niliyasoma katika vitabu vyake, kisha nikamsumbua kwa maswali mpaka akachoka nami.

MAISHA YA TUMBONI

Tumboni mtoto huishi kama mwinyi. Hapumui, hali, wala hajipashi joto. Kazi zote anafanyiwa na kondo la nyuma: linamletea oksijeni na sukari kutoka kwa damu ya mama, na kuondoa uchafu wake. Vyote hupita katika kiungamwana, yaani ile kamba ya kitovu.

Mapafu yake yapo, lakini yamejaa majimaji badala ya hewa. Kwa kuwa hayana kazi ya kuvuta hewa, damu nyingi huyapita kando kwa kutumia njia mbili za mkato. Ya kwanza ni tundu dogo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaotoka kwenye mshipa wa mapafu na kuingia moja kwa moja katika mshipa mkuu wa mwili.

Sasa mtoto anazaliwa. Kiungamwana kinakatwa, na duka alilokuwa akikopa bure kwa miezi tisa limefungwa. Afanyeje?

PUMZI YA KWANZA

Kazi ya kwanza ni kupumua. Majimaji ya mapafuni huanza kufyonzwa na kuingia katika damu wakati mama bado ana uchungu wa kuzaa. Mtoto anapotoka nje hupigwa na baridi, mwangaza na mguso wa mikono. Hushtuka, akavuta hewa kwa nguvu, akalia. Kilio hicho hutufurahisha sote, lakini kwake ni kazi nzito: anafungua vifuko vya hewa ambavyo havijawahi kufunguliwa.

Vifuko hivyo visigandamane tena, mapafu hutengeneza utelezi fulani mfano wa sabuni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huenda hana utelezi wa kutosha. Mnamo Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais John Kennedy wa Marekani, alizaliwa mapema na akafa kwa shida hiyo ya mapafu baada ya siku mbili tu. Baba yake alikuwa rais wa taifa kubwa, lakini dawa haikuwapo. Leo utelezi huo hutengenezwa kama dawa, na mtoto huwekewa mapafuni.

Na wale watu tunaowaona sinemani wakimshika mtoto miguu, kichwa chini, na kumchapa kofi? Wacheni hayo! Anayechelewa kupumua hufutwa na kusuguliwa mgongo taratibu. Asipopumua bado, mkunga humpa hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso kabla dakika moja haijaisha.

MOYO UNABADILISHA NJIA

Hapa ndipo mimi binafsi hustaajabu. Mapafu yakijaa hewa, mishipa yake hupanuka na damu humiminika humo. Damu hiyo inaporudi moyoni huongeza msukumo upande wa kushoto, na lile tundu la moyo husukumwa likajifunga kama mlango unaosukumwa na upepo. Ule mshipa wa mkato nao hujikaza na kuziba, kwa kawaida katika siku 3 za mwanzo. Hakuna daktari aliyeshika kisu. Mwili umejitengeneza wenyewe.

Kazi hii haiishi papo hapo. Hata mtoto mwenye afya huchukua dakika kama 10 kufikisha oksijeni ya kutosha katika damu. Kwa hiyo mikono na nyayo zikiwa na rangi ya samawati siku ya kwanza, si ajabu. Ulimi na midomo ikiwa hivyo, hiyo ni hatari.

Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kiungamwana kisikatwe kabla ya dakika 1 kupita, ikiwa mtoto anapumua vizuri. Katika muda huo damu iliyobaki katika kondo humfikia mwenyewe, na madini ya chuma yaliyomo humfaa kwa miezi kadhaa.

BARIDI, ADUI TUSIYEMSHUKU

Huenda ukauliza: baridi gani, nasi tunaishi karibu na ikweta? Tupige hesabu. Tumboni kuna joto la nyuzi 37 hivi. Chumba chenye nyuzi 25 wewe na mimi tunakiona kizuri. Mtoto yeye ameshuka nyuzi 12 kwa mara moja, tena akiwa uchi na amelowa! Kumbuka ulivyotetemeka siku uliyonyeshewa ukirudi kutoka uwanjani. Mtoto mchanga hawezi hata kutetemeka hivyo. Anachotegemea ni mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo shingoni na kati ya mabega, ambayo mwili wake huyachoma ili kupata joto.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kiini cha somo kilipo. Kuyachoma mafuta hayo kunahitaji oksijeni na sukari. Mtoto akipoa, hutumia oksijeni nyingi na sukari yake hupungua. Sukari ikipungua, hulegea na kushindwa kunyonya. Asiponyonya hapati sukari nyingine, na baridi inazidi. Kupumua, joto na chakula ni mafiga matatu. Ukiliondoa moja, chungu kinamwagika.

Ndiyo maana silaha ya kwanza ya mkunga ni kitambaa kikavu. Shangazi aliniambia hivi: "Mwanangu, sisi tunamfuta kwanza. Mvulana au msichana, hayo tutasema baadaye." Mtoto akishafutwa huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kwa nguo kavu pamoja na kichwa. Kuoga kungoje saa 24. Wengi wetu tunajua nyumba ambako mtoto huogeshwa mara tu anapozaliwa ili aonekane safi mbele ya wageni. Wanaofanya hivyo wanampenda, lakini maji yale humnyang'anya joto alilolipata kwa taabu.

Hata mtoto mdogo sana hufaidika na kifua cha mama. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Bogotá, Kolombia, Daktari Edgar Rey aliona mashine za kuwapashia watoto joto hazitoshi. Akawafunga watoto vifuani pa mama zao, jinsi kangaruu anavyobeba mwanawe. Njia hiyo ikaenea ulimwenguni, na hapa Kenya pia inatumika.

CHAKULA CHA KWANZA

Mtoto anyonye katika saa 1 ya kwanza. Maziwa ya mwanzo ni machache, mazito na ya manjano, na kuna watu huyakamua wakayamwaga ati ni machafu. La hasha! Hiyo dang'a imejaa kinga dhidi ya magonjwa, na uchache wake unalingana na tumbo dogo la mtoto. Maji ya sukari hayana kinga yoyote. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.

Choo chake cha kwanza ni cheusi mfano wa lami; msishtuke. Atapungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha auregeshe kwa muda wa wiki mbili hivi. Kitovu nacho kiachwe kisafi na kikavu, au kipakwe dawa aliyotoa muuguzi. Majivu na samadi huleta pepopunda.

JE, TUTAJUAJE KUWA AMEZOEA?

Mwaka 1952 Daktari Virginia Apgar wa Marekani alibuni njia rahisi ya kumpima mtoto. Mambo matano huangaliwa: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu za misuli, kushtuka anapoguswa, na rangi. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, katika dakika ya 1 na ya 5. Jumla ya 7 hadi 10 ni nzuri. Mtihani wetu wa kwanza maishani, wenzangu, tuliufanya kabla ya kujua hata majina yetu! Hata hivyo, mtoto asiyepumua hangojewi mpaka alama zihesabiwe. Husaidiwa mara moja.

Nyumbani, mpelekeni hospitalini bila kukawia mkiona mojawapo ya haya:
1. Anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anakoroma, au kifua kinabonyea.
2. Amekataa kunyonya au amelegea.
3. Mwili ni baridi, au una homa.
4. Anapatwa na degedege.
5. Amegeuka manjano siku ya kwanza.
6. Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha.

HITIMISHO

Mtoto huja na maarifa yake. Anajua kupumua, moyo wake unajua kufunga tundu, na mdomo wake unajua titi. Anachotuomba ni kidogo: tumkaushe, tumpe kifua cha mama, tusimzuilie maziwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu anahitaji mwenyeji anayejua la kufanya. Wewe uliyesoma hapa umekwisha kuwa mmoja wao. Kamwambie na mwingine.

MSAMIATI
Kiungamwana: kamba inayomwunganisha mtoto na kondo.
Kondo la nyuma: kiungo kinachomlisha mtoto tumboni, pia zalio.
Dang'a: maziwa ya kwanza baada ya kuzaa.
Pepopunda: ugonjwa wa kukakamaa mwili, unaoingia kupitia kidonda.

ZOEZI
1. Taja njia mbili za mkato za damu ya mtoto aliye tumboni. Kila moja hufungwaje?
2. Eleza jinsi baridi inavyoweza kumfanya mtoto ashindwe kunyonya.
3. Nyanya anataka kumwogesha mjukuu aliyezaliwa saa 2 zilizopita. Andika mazungumzo ambayo utamshawishi asubiri, bila kumvunjia heshima.