SOMO LA MAFUNDI NA MADEREVA: BREKI ZA GARI KUUKUU



Hapa kwetu Kwapa malori hupita mchana na usiku kwenda na kutoka Malaba, na wengi wetu tunalala humo humo ndani ya gari, blanketi na sufuria nyuma ya kiti. Gari ndiyo nyumba yetu ya pili. Basi leo tutazame breki zake.

Magari mengi ya zamani yenye breki za mafuta yana silinda kuu ya chumba kimoja. Mpira mmoja ukipasuka, mafuta yanamwagika na magurudumu yote yanakosa breki. Mwenzetu mmoja yalimkuta kwenye mteremko. Aliokolewa na gia ndogo na kichuguu. Tajiri wake akamkata mshahara kwa kuvunja bampa!

Dawa yake ni silinda kuu ya vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele, kingine cha nyuma. Upande mmoja ukifa, mwingine unashika, ingawa gari litakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Fundi apime kipenyo cha pistoni: kikizidi kile cha kwanza pedali inakuwa ngumu, kikipungua inashuka mno.

Tena, mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205. Yakiisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Ngoma zikishika moto mteremkoni, mvuke unajaa kwenye bomba na pedali inalala sakafuni. DOT 4 yanastahimili zaidi, 230 na 155. Tuyabadilishe yote kila miaka miwili, na hewa tuitoe kuanzia gurudumu lililo mbali na silinda kuu. Mafuta ya injini tusitie kamwe, yanavimbisha mipira.

Vumbi la laini za zamani lina asbesto, sumu ya mapafu inayoua baada ya miaka mingi. Tusilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Tulilowesha maji, tufute kwa kitambaa, kitambaa tukifunge na kukitupa.

Na tukiambiwa, "Nenda hivyo hivyo, utatengeneza ukirudi"? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Tuuandike ubovu, tarehe na namba ya gari, nakala apewe mwakilishi wa chama kabla injini haijawashwa.