Mwizi Wako Aliibaje? Nilivyojifunza Kuwataja Wezi kwa Kiingereza

Nilichomolewa simu ya kazini kwenye daladala ya Mbagala. Kesho yake nikatakiwa kuandika maelezo kwa Kiingereza, nami nikaandika kwa madaha: *A robber stole my phone.* Mama mkuu wa ofisi akasoma, akanitazama kwa huruma.

"Pole mwanangu. Alikushikia kisu?"

Kisu? Hata sura yake sikuiona!

Kosa langu lilikuwa kudhani kila neno la mwizi linafaa popote. Mbona kwa Kiswahili hatumwiti jambazi mtoto aliyedokoa nyama jikoni? Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua neno, najiuliza kwanza: aliibaje?

- Alitumia nguvu au vitisho? Ni *robber*. Akikupiga roba uchochoroni, ni *mugger*.
- Alivunja nyumba akaingia? Ni *burglar*. Hapa sheria za Tanzania na Kenya zinaangalia saa: *burglary* ni ya usiku, ya mchana ni *housebreaking*.
- Alijifanya mteja, akatoka dukani na sabuni kwapani? Ni *shoplifter*.
- Alichomoa mfukoni bila wewe kushtuka? Ni *pickpocket*. Usiliongezee *-er* mwishoni.
- Alikabidhiwa fedha za kikundi akazila? Ni *embezzler*.
- Hujui aliibaje? Sema *thief*, utakuwa salama. Wakiwa wengi ni *thieves*.

Vitenzi navyo vina mtego. *Steal* hufuatwa na kitu kilichoibwa. *Rob* hufuatwa na mtu au mahali palipoporwa. Kwa hiyo *They stole my phone*, lakini *They robbed me*. Ukisema *They robbed my phone*, ni kama simu yako ndiyo iliyokuwa ikitembea na pochi, ikavamiwa.

Zoezi lililonisaidia ni hili: kila nikikuta habari ya wizi kwenye gazeti la Kiswahili, naifupisha kwa sentensi moja ya Kiingereza. Mhasibu kafuja fedha? Wezi wamevunja duka usiku? Neno linakaa kichwani kwa sababu limekuja na kisa chake, wala halikukaririwa peke yake.

Maelezo yangu niliyaandika upya: *A pickpocket stole my phone.* Mama akasaini bila kuuliza kisu. Simu ndiyo haijarudi mpaka leo.