Maiki ya Udi Haielekezwi Tunduni

Kurekodi kikundi kidogo cha taarabu, cha udi, ganuni, fidla, dumbak na mwimbaji, kunaanzia kwenye chumba. Piga kofi moja katikati. Ukisikia mlio mkali unaorudi kutoka ukutani, maiki itausikia pia, na hakuna programu itakayouondoa vizuri baadaye. Tundika mapazia mazito, simamisha magodoro ukutani, zima feni na friji.

Maiki za dainamiki, kama Shure SM57 na SM58, hazihitaji kupelekewa umeme, huvumilia kishindo cha ngoma na hazinasi sana sauti za mbali. Za kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa, na husikia mpaka kucha inavyogusa waya. Ndiyo maana zinaufaa udi na ganuni, na ndiyo maana hunasa pia pikipiki ya barabarani. Kama chumba chako si kimya, kwa mwimbaji mimi ningechagua dainamiki bila kusita.

Wengi huielekeza maiki ya udi kwenye tundu kubwa la kifuani. Hapo sauti nzito hujaa na kuvuma, na mlio wa nyuzi hupotea. Ielekeze pale shingo inapoungana na tumbo la chombo, umbali wa sentimita 30 hivi, kisha mwambie mpigaji acheze taratibu huku wewe umevaa hedfoni. Isogeze vidole viwili kuelekea tundu, sikiliza, irudishe, sikiliza. Sauti hubadilika waziwazi, na utajua lini usimame. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 zilizotandazwa kwa upana, kwa hiyo maiki ikae juu yake, nusu mita hivi. Ukiisogeza karibu mno, utasikia upande mmoja tu. Fidla nayo irekodiwe kwa juu, isibanwe.

Mwimbaji akae shibiri moja kutoka kwenye maiki. Akikaribia zaidi, sauti yake hunenepa. Maiki ikae kando kidogo ya mdomo ili pumzi za "p" na "b" zipite pembeni.

Wakipiga wote pamoja, sauti ya dumbak huingia kwenye kila maiki, kila mahali kwa kuchelewa kidogo: sentimita 34 ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mawimbi hayo yakikutana hukatana, na ngoma hukonda. Kama maiki iko sentimita 30 kutoka kwa chombo chake, ya jirani iwe angalau sentimita 90 kutoka kwayo.

Na kama una maiki moja tu nzuri, usikate tamaa. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, waliimba na kupiga kwa pamoja. Hakukuwa na njia ya kurekodi kila chombo peke yake. Panga watu badala ya maiki: mwimbaji mbele, udi na ganuni karibu naye, fidla nyuma kidogo, dumbak mbali kabisa. Rekodi dakika moja, wasikilizishe wote, kisha msogeze anayezidi. Fanyeni hivyo mapema, kabla sauti ya mwimbaji haijachoka.