Kabla ya Kuuza Mpingo, Amueni Miti Isiyokatwa

Mnunuzi wa magogo akifika kijijini huanza na bei. Kamati ya maliasili ianze kwingine: miti ipi haitakatwa kabisa? Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuuzwa, kwa hiyo kosa la leo litalipwa na wajukuu.

Ingieni msituni na wazee, wawindaji wa zamani na warina asali. Wao wanajua palipo na makaburi, mahali pa tambiko, mapito ya tembo na visima visivyokauka. Wilayani Kilwa, kwenye Milima ya Matumbi ambako Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, historia haiko mbali na mti. Choreni ramani, kisha wekeni alama za rangi kuzunguka maeneo hayo. Kando ya mito acheni ukanda wa mita 60 unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Bakizeni miti mikubwa yenye mashimo pia: haina mbao nzuri, lakini ndimo hondohondo anamotagia na nyuki wanamokaa.

Sehemu inayobaki ndiyo ya kuvuna. Hesabuni miti kwa vipande vya msitu, mkipima kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mpingo ulio chini ya sentimita 24 usiguswe. Hata ulio juu ya hapo msiumalize. Acheni miti minyoofu yenye afya itoe mbegu. Hili huwauma wengi, kwa kuwa ndiyo miti anayoitaka mtengenezaji wa klarineti. Lakini mkibakiza iliyopinda tu, mbegu zitatoka kwenye hiyo iliyopinda.

Moto ndio adui ninayemwogopa kuliko shoka. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua miche na kujeruhi shina. Kuvu hupenya kwenye jeraha na moyo wa gogo huoza. Mti unaonekana mzima, ukipasuliwa ni tundu. Chomeni mapema, kuanzia Mei, nyasi zikiwa bado na unyevu: jioni, upepo ukiwa umetulia, kipande kimoja kimoja. Limeni kwanza njia ya moto kuzunguka mizinga na mahali pa tambiko. Vipande vilivyochomwa huchipua majani mabichi, na swala hufuata huko.

Wageni wa kutembea msituni wanakaribishwa, ila njia zao zipite mbali na eneo linalokatwa, na kwenye tambiko wasifike bila ruhusa ya wenye mahali.

Siku ya kuuza, msiuze kwa mti wala kwa lori. Uzeni kwa mita ya ujazo, na mpime gogo wenyewe mbele ya mnunuzi kabla halijapigwa nyundo ya alama. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji msitu wake na mapato yake. Vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa vilifika hadi kupata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009. Nakala ya vipimo ibaki kwenye ofisi ya kijiji, na mapato yasomwe katika kila mkutano mkuu, pamoja na idadi ya miti iliyobaki katika kila kipande.