Kununua Programa ya Chipu: Mwongozo kwa Mafundi wa Kitengela na Kajiado

Richard Turere alikuwa na umri wa miaka 11 alipofunga taa za kufukuza simba kwenye boma la familia yao Kitengela, upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ambako hakuna ua wa kuwazuia wanyama. Vifaa vyake vilikuwa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika. Taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu, simba akidhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Mwaka 2013 alizieleza kwenye jukwaa la TED huko Long Beach, California.

Indiketa ya pikipiki ina mdundo mmoja tu. Fundi anayetaka taa zibadilishe mpangilio kila usiku, zihisi giza zenyewe na kupunguza mwanga betri inapoishiwa, ataweka maikrokontrola badala yake. ATtiny85 yenye pini 8 inaitosha kazi hiyo. Ila chipu hiyo hutoka kiwandani ikiwa tupu, na ikishachomewa kwenye bodi na bodi kufungwa juu ya nguzo Isinya au Mashuuru, hutaki kuing'oa kila unapotaka kurekebisha mstari mmoja wa programu. Ndipo panapohitajika programa: kifaa kidogo cha kuunganisha laptopu na chipu ikiwa palepale kwenye saketi yake.

Kabla ya kupanda matatu kwenda Luthuli Avenue jijini Nairobi, soma maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu. Hakuna programa moja ya bei nafuu inayoifaa kila chipu, na anayenunua kwa kutazama picha ya tangazo hurudi nyumbani na kifaa kisichozungumza na bodi yake.

Kama chipu ni ATmega328P au ATtiny85, yaani AVR za kawaida, mimi ningenunua USBasp bila kusita. Iliundwa na Mjerumani Thomas Fischl, michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ndiyo sababu inauzwa rahisi. Inatumia waya sita: umeme, ardhi, reset, na tatu za data zinazoitwa MOSI, MISO na SCK. Kwa kazi ya bomani ina faida nyingine kubwa: huipa bodi umeme wa volti 5 kutoka kwenye USB ya laptopu, kwa hiyo unaweza kuchomoa betri na sola kwanza ukafanya kazi kwa usalama. Usiache vyanzo viwili vya umeme vikilisha bodi moja kwa wakati mmoja.

Mwenye Arduino Uno hahitaji kununua chochote ili aanze. Pakia kwenye Uno ile programu ya mfano inayoitwa ArduinoISP, kisha weka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya reset na ardhi ya Uno, mguu chanya ukiwa upande wa reset. Pini 10 iende kwenye reset ya chipu lengwa, 11 kwenye MOSI, 12 kwenye MISO na 13 kwenye SCK. Ni polepole kidogo, lakini inafanya kazi.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni kasi. ATmega328P na ATtiny85 mpya hutoka kiwandani zikienda megahezi 1, na waya wa SCK lazima uwe chini ya robo ya kasi hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. USBasp nyingi huanza na kilohezi 375. Matokeo yake chipu nzima kabisa inaonekana imekufa, na fundi anaitupa. Jaribu kwanza amri hii ya avrdude, programu ya laptopu inayozungumza na programa:

avrdude -c usbasp -p t85 -B 10

Ikijibu 1e930b, hiyo ndiyo sahihi ya ATtiny85 na waya zako ziko sawa. ATmega328P hujibu 1e950f; ile isiyo na herufi P mwishoni hujibu 1e9514. USBasp yenye programu ya ndani ya zamani huonya kwamba haiwezi kubadilisha kasi. Hapo ziba jampa ya JP3 iliyo kwenye kifaa chenyewe, itapunguza mwendo.

Biti za fyuzi, yaani mipangilio ya msingi ya chipu, zihofu. Ukiiambia chipu itumie kristali ya nje ilhali haipo, itanyamaza mpaka uiletee kristali. Na kwa sababu ATtiny85 ina pini chache, utashawishika kuigeuza pini ya reset kuwa pini ya kawaida. Usifanye hivyo: USBasp haitaingia tena, na kuirudisha kunahitaji programa ya volti 12.

Angalia pia nani wengine wamekaa kwenye waya zile za data. Ukiwa na moduli ya LoRa inayotuma taarifa kutoka bomani, nayo hutumia MOSI, MISO na SCK hizohizo, na inastahimili volti 3.3 tu. Jampa ya voltiji kwenye USBasp za bei nafuu mara nyingine hubadilisha umeme wa bodi pekee huku ishara zikibaki volti 5. Pima kwa multimita kabla ya kuunganisha.

Chipu za PIC zina njia yake. PICkit 3 bado inapatikana, na PIC za zamani kama PIC16F877A huhitaji takriban volti 13 kwenye pini ya MCLR, kwa hiyo weka diodi au rezista ili umeme huo usivuje kwenye njia ya volti 5. MPLAB Snap ni rahisi na nzuri, lakini haitoi volti hizo na hailishi bodi umeme. STM32 inataka ST-Link V2. ESP32 haihitaji programa: adapta ya USB yenye CH340 au CP2102 inatosha. AVR mpya kama ATtiny412 hutumia waya mmoja wa UPDI, na hapo USBasp haikusaidii hata kidogo.

Unapochora bodi, tenga nafasi ya pini sita, safu mbili za tatu, na uandike alama kando ya pini ya kwanza. Chipu ikiwa tayari na mipangilio iliyohifadhiwa kwenye EEPROM, kama saa za kuwasha au kiwango cha giza, isome na uiweke kwenye laptopu kabla ya kuandika programu mpya, kwa sababu kufuta chipu hufuta na EEPROM pia, isipokuwa umewasha fyuzi ya EESAVE.