SOMO: TAKA ZETU HUENDA WAPI?



Mwalimu aanzapo somo jipya, desturi yake ni kuanza na jambo ambalo wanafunzi wanalijua tayari. Basi nami nawaulizeni: asubuhi ya leo, taka za nyumbani kwenu zimekwenda wapi? Wengi mtajibu, "Tumezitupa." Somo letu lahusu neno hilo moja, kutupa. Maana mtu asemapo ametupa taka, mara nyingi amezihamisha tu.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Katika miaka ya 1980, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nilipewa kazi ya kusimamia usafi katika shule moja ya msingi. Kila Ijumaa wanafunzi walifagia, wakajaza makarai, na kwa amri yangu wakayamwaga nyuma ya ua wa shule, palipokuwa na korongo. Mkaguzi alipokuja alitusifu sana. Wiki ileile, baada ya mvua kubwa, alifika mama mmoja aliyeishi kule bondeni. Mtoto wake alikuwa amekatwa unyayo. Yule mama hakugomba. Aliweka mezani pangu kipande cha chupa ya wino, akasema, "Mwalimu, hiki ni cha kwenu, nimekirudisha." Sifa za mkaguzi nimezisahau, lakini kipande kile sijakisahau hata leo.

1. Miji nayo hufanya vivyo hivyo

Tutazame mfano wa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu, na wakazi wakaishi na moshi, nzi na uvundo. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikaamuru Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka pale na itafute mahali pasipodhuru watu. Halmashauri ikaomba muda, kisha ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda mwingine. Alieleza kwamba kuhatarisha afya ya watu namna ile ni kinyume cha haki ya kuishi, iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Ushindi ule ulikuwa wa haki. Hata hivyo taka zenyewe hazikukoma. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakafungua kesi mwaka 1991, wakashinda. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mahali palipopumua, pengine palianza kukohoa.

2. Yatokeayo ndani ya dampo

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza: maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga, mabaki ya chakula. Vitu hivi vikirundikwa pamoja na plastiki, tena bila hewa kupita, huoza vibaya. Hutoa gesi iitwayo methani, ambayo hushika moto upesi. Ndiyo sababu madampo huungua ndani kwa ndani kwa siku nyingi. Hutoa pia maji meusi yenye sumu, ambayo huchuruzika hadi mitoni na visimani. Mvua ikinyesha, lundo huzidi uzito na kuteleza.

Msidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabuni tu. Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, dampo lilifunguliwa mwaka 1996, likapanda mwaka hata mwaka mpaka likawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua nyingi, mlima ule uliporomoka juu ya nyumba, ukaua watu zaidi ya 30. Huko Addis Ababa, dampo la Koshe lilikuwa limeporomoka tarehe 11 Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Watu wale walifukiwa na maganda, mifuko na makopo, vitu ambavyo wenyewe walivitoa mlangoni wakiwa na hakika kwamba wamekwisha kuvitupa.

3. Yatupasayo nyumbani

Kwanza, tutenganishe. Kila nyumba iwe na ndoo mbili: moja ya vitu vya kuoza, ya pili ya vitu vikavu. Kazi hii ni rahisi jikoni, lakini taka zikishachanganyika ni ngumu mno.

Pili, vya kuoza tuvifanye mboji. Weka tabaka la maganda, juu yake tabaka la majani makavu au maranda, kisha udongo kidogo. Usitie nyama wala mafuta, maana huita panya. Lundo liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, nawe uligeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi isiyonuka, ifaayo kwa mchicha na nyanya. Aliyepanga chumba asiye na ua atumie ndoo kuukuu yenye matundu, au ampe jirani mwenye bustani au mifugo.

Tatu, chupa za plastiki, makopo, vyuma na karatasi tuwape waokotaji na wanunuzi wa chakavu, vikiwa safi. Vijana hawa hupata riziki kwa jasho, wala si haki kuwalazimisha kuichakura katika uozo wetu.

Nne, vioo, nyembe na sindano visitupwe ovyo. Tuvitie ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, tukamweleze mzoa taka kilichomo.

Tano, tusichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wetu wenyewe.

4. Yasiyo katika uwezo wa nyumba moja

Isidhaniwe kwamba ndoo mbili zitamaliza kila kitu. Dampo lililo salama hutandikwa sakafuni ili maji machafu yasipenye, hufunikwa udongo mara kwa mara, tena huwekewa mabomba ya kutoa gesi. Hiyo ni kazi ya halmashauri, nasi tunao wajibu wa kuidai katika mikutano ya mtaa. Sheria nazo husaidia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sokoni leo wengi wetu twabeba kikapu tena, kama mama zetu.

Neno moja zaidi. Ukimlipa kijana wa mkokoteni akuchukulie taka, muulize anakwenda kuzimwaga wapi. Bei ikiwa rahisi mno, huenda ni mtoni usiku; na mvua ikija, jirani wa bondeni ndiye atakayezilipia.

Maswali ya kujadiliana

1. Taka za mtaa wenu humwagwa wapi, na ni nani aishiye karibu na hapo?
2. Kwa juma moja, pima ndoo ngapi za taka zako ni vitu vya kuoza. Je, ni zaidi ya nusu?
3. Ikiwa jirani wa bondeni angekurudishia leo vitu vyako vyote, angeweka nini mezani pako?

Swali la tatu mimi nililijibu zamani. Nawatakieni kazi njema.

Mwalimu Mstaafu